Kombora Lililokosa Shabaha Desemba 2010, na Wenzake Waliokuwa Tayari Shimoni

Tarehe 15 Desemba 2010 Marekani ilirusha kombora la shabaha kutoka Kwajalein, katika Visiwa vya Marshall, ili ijaribu kulidungua lingali angani juu ya Bahari ya Pasifiki. Kombora la kudungua liliruka kutoka kambi ya Vandenberg, California. Rada zote zilifanya kazi yake, ikiwamo rada kubwa ya SBX inayoelea baharini juu ya jukwaa lililotokana na yale ya kuchimbia mafuta. Injini za kombora la kudungua ziliwaka kama ilivyotakiwa, na chombo cha kugonga kilichobebwa kileleni kikajitenga na kuanza kuitafuta shabaha. Kisha chombo hicho kikaipita shabaha bila kuigusa.

Jaribio hilo, ambalo katika kumbukumbu za Pentagon linaitwa FTG-06a, lilikuwa la pili kushindwa ndani ya mwaka mmoja, na lilifanywa kwa sababu lile la kwanza, la tarehe 31 Januari, lilishindwa pia. Majaribio ya silaha hushindwa mara nyingi, na kushindwa ndiko kunakowaonyesha wahandisi kasoro iko wapi. Uzito wa kisa hiki uko kwingine. Siku kombora hilo lilipokosa shabaha, Marekani ilikuwa na makombora 30 ya aina hiyo ndani ya mashimo ya kurushia, 26 Fort Greely, Alaska, na manne Vandenberg. Karibu kumi kati ya hayo 30 yalibeba chombo kipya cha kugonga kilekile kilichokuwa kimekosa, yaani chombo ambacho kilikuwa hakijawahi kugonga kitu chochote. Silaha ilikuwa imekabidhiwa kwa askari kabla ya kuthibitishwa kwamba inafanya kazi, na askari hao walikuwa wakifanya nayo mazoezi usiku na mchana.

Ili kuelewa ilikuwaje, inafaa kurudi nyuma kidogo. Agosti 1998 Korea Kaskazini ilirusha roketi ya Taepodong iliyopita juu ya Japani, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyotamka kwamba ni sera ya nchi kujenga ulinzi wa taifa dhidi ya makombora pindi teknolojia itakaporuhusu. Rais Bill Clinton alitia saini sheria hiyo, lakini Septemba 2000, baada ya majaribio mawili kati ya matatu kushindwa, aliamua kumwachia mrithi wake uamuzi wa kujenga. George W. Bush hakusita. Desemba 2001 alitangaza kwamba Marekani inajitoa katika mkataba wa mwaka 1972 na Muungano wa Kisovieti, baadaye Urusi, uliokuwa umezikataza pande zote mbili kujenga ulinzi wa taifa zima dhidi ya makombora, na Desemba 2002 aliagiza mfumo uwe tayari kuanza kazi mwaka 2004. Agizo hilo lilitolewa siku chache tu baada ya jaribio la tarehe 11 Desemba 2002, ambamo chombo cha kugonga kilishindwa kujitenga na roketi yake.

Kombora la kwanza liliteremshwa shimoni Fort Greely Julai 2004. Hoja ya wakubwa wa Pentagon ilikuwa kwamba ulinzi mdogo ni bora kuliko kutokuwa na ulinzi kabisa, na kwamba mfumo ungeendelea kujaribiwa na kuboreshwa ukiwa tayari kazini. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ni vyema kuitendea haki. Adui hangoji ratiba ya wahandisi, na Julai 2006, Korea Kaskazini ilipojiandaa kurusha Taepodong-2, mfumo uliwekwa katika hali ya tahadhari ukiwa na makombora yapatayo kumi tu. Kombora la Korea lilivunjika sekunde 40 hivi baada ya kuruka, na kwa hiyo hakuna aliyepata kujua kama yale ya Alaska yangefaa kitu.

Kasoro ya hoja hiyo iko katika neno "kuboreshwa". Chombo cha kugonga si kitu cha kufungua na kubadilisha kipande kama redio. Kina urefu usiofika mita moja na nusu na uzito wa kilo 64 hivi, na hakibebi baruti wala kilipuzi chochote. Kinaharibu kwa kugonga tu, nje ya angahewa, huku chenyewe na shabaha vikikaribiana kwa kasi inayozidi kilomita 6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, elfu moja ya sekunde ni umbali wa mita 6, yaani zaidi ya mara nne ya urefu wa chombo chenyewe. Katika nafasi finyu hiyo, vitambuzi vyake vya joto lazima viione shabaha, kompyuta iitofautishe na vipande vingine vinavyoelea karibu nayo, na injini ndogo za pembeni zikisukume chombo hadi kikutane nayo ana kwa ana. Kosa dogo popote katika mnyororo huo ni sawa na kutorusha kabisa.

Toleo la kwanza la chombo hicho liliitwa CE-I. Kampuni ya Raytheon ilipoanza kukosa baadhi ya vipuri vilivyopitwa na wakati, ilitengeneza toleo la pili, CE-II, lenye vifaa vipya. Mantiki ya kawaida ingedai toleo jipya lirushwe kwanza, ligonge shabaha, kisha ndipo lipelekwe Alaska. Mambo yakaenda kinyume. Makombora yenye CE-II yalianza kuingizwa mashimoni mwaka 2008, na jaribio la kwanza la kulirusha dhidi ya shabaha likafanywa Januari 2010.

Katika jaribio hilo la Januari mambo mawili yaliharibika kwa pamoja. Rada ya SBX haikufanya kazi ipasavyo, na moja ya injini ndogo za chombo ikaleta hitilafu kwa sababu waya wa kufungia, ambao kazi yake ni kuzuia kiungo kisilegee, haukuwa umewekwa kiwandani. Hili ndilo aina ya kosa ambalo mkaguzi mwenye tochi angelikamata kabla kombora halijatoka karakana, na ndiyo sababu lilionekana rahisi kusahihisha. Wakuu wa mradi waliamini kwamba wakisimamia ubora wa kazi kiwandani na kuitengeneza rada, jaribio la marudio litafaulu. Kwa sehemu waliyoijua walikuwa sahihi: mwezi Desemba rada ilifanya kazi na waya ulikuwepo.

Kilichoangusha jaribio la Desemba kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Ndani ya chombo cha kugonga kuna kifaa kinachopima mwendo na mwelekeo, ambacho huiambia kompyuta iko wapi na inaelekea wapi hata pale ambapo hakuna kingine cha kuielekeza. Injini za pembeni zinapowaka na kuzimika kwa kasi ili kukirekebisha chombo, mwili mzima hutetemeka. Katika CE-II mtetemo huo ulikifikia kifaa cha kupimia kwa nguvu na kasi ambayo hakikutengenezwa kuistahimili, na vipimo vyake vikaharibika mwishoni kabisa mwa safari, wakati ambapo hapakuwa na nafasi tena ya kujirekebisha.

Hapa ndipo kisa kinapostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kasoro ya namna hii haikamatwi na mkaguzi mwenye tochi. Chombo kilikuwa kimeunganishwa vizuri, kila kipande mahali pake, na kasoro ilikuwa katika muundo wenyewe. Isitoshe, mtetemo uliotokea angani haukuweza kuigwa ipasavyo ardhini, kwa kuwa chombo kinachojaribiwa maabara hushikiliwa na kitu, hubeba uzito wake, na huzungukwa na hewa, ilhali kule juu hakishikiliwi na chochote. Kwa hiyo kulikuwa na njia moja tu ya kuijua kasoro hiyo, nayo ni kurusha. Majaribio ya ardhini, hata yangefanywa mara mia, yangeendelea kuleta majibu mazuri.

Shirika la Ulinzi dhidi ya Makombora, lililoongozwa wakati huo na Luteni Jenerali Patrick O'Reilly, lilisimamisha upokeaji wa vyombo vipya vya CE-II na kuunda tume ya uchunguzi. Tiba iliyopatikana ilikuwa na sehemu mbili: kitako kipya cha kukizuilia mtetemo kifaa cha kupimia, na mabadiliko katika programu inayosoma vipimo vyake. Inaposimuliwa, tiba hiyo inamalizika katika sentensi moja. Katika utekelezaji ilichukua miaka mitatu na nusu. Tarehe 26 Januari 2013 chombo kilichorekebishwa kilirushwa kutoka Vandenberg bila shabaha yoyote, kikapewa kazi ya kugeuka na kujirekebisha angani huku mtetemo ukipimwa, na kikafaulu. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini haikufanywa kabla ya mwaka 2008.

Sasa tuwaangalie wale waliokuwa zamu. Kikosi cha 100 cha Ulinzi dhidi ya Makombora kina makao yake Colorado Springs, na batalioni yake ya 49 iko Fort Greely, kilomita 160 hivi kusini-mashariki mwa mji wa Fairbanks, mahali ambapo majira ya baridi kipimajoto hushuka nyuzi 40 chini ya sifuri. Wengi wao ni askari wa Gadi ya Taifa kutoka Alaska na Colorado, na wote kwa jumla ni kama 300, hata wakawa na msemo wao kwamba ni watu 300 wanaolinda watu milioni 300. Kila zamu ina watu watano mbele ya skrini. Wakiona kombora limerushwa kutoka upande wa pili wa Pasifiki wana nusu saa hivi kabla halijafika, na sehemu ya nusu saa hiyo inayofaa kwa kurusha ni dakika chache tu. Kwa sababu hiyo mafunzo yao ni ya kurudiarudia. Hupita kozi maalumu, hupimwa kama zamu nzima na si mmoja mmoja, hupewa cheti kinachohitaji kuhuishwa, na kati ya vipimo hivyo huendesha luteka za kompyuta ambamo mashambulizi ya kubuni hupitishwa katika vifaa vilevile au vinavyofanana na vile wanavyovitumia kazini.

Luteka hizo haziepukiki. Kurusha kombora moja katika jaribio kamili hugharimu zaidi ya dola milioni 200 pamoja na shabaha na maandalizi yake, na hufanyika mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, kwa hiyo askari anaweza kumaliza utumishi wake wote bila kuona kombora likitoka shimoni kwa amri ya zamu yake. Ustadi wake wote hujengwa katika mwigo. Na mwigo, lazima isemwe, unajua tu kile ambacho majaribio yameufundisha. Ofisi huru ya Pentagon inayosimamia majaribio ya silaha iliandika kwa miaka kadhaa mfululizo kwamba haiwezi kutoa tathmini kamili ya mfumo huu kwa tarakimu, kwa sababu miigo ya kompyuta inayotumika haijathibitishwa vya kutosha na data ya kurusha ni chache mno. Kati ya mwaka 2008 na Desemba 2010, zamu za Fort Greely ziliweza kufaulu kila kipimo zikiwa na makombora ambayo sehemu yake, kama yangerushwa kweli, yangepita pembeni mwa shabaha. Hakuna kosa lolote la askari hapo. Kipimo chao kilipima kazi yao, na kazi yao waliifanya.

Idadi ya makombora yanayorushwa nayo ina uhusiano wa moja kwa moja na jambo hili. Pentagon haitangazi ni makombora mangapi yangeelekezwa kwa kila kombora la adui, lakini wachambuzi wa nje wamezoea kuhesabu manne. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kila kombora lina uwezekano wa asilimia 50 wa kugonga. Basi uwezekano wa yote manne kukosa ni takriban asilimia 6, na zamu inaweza kupumua. Ila hesabu hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba kukosa kwa kombora moja hakuna uhusiano na kukosa kwa jingine. Waya uliosahaulika kiwandani unalitimiza sharti hilo, kwani fundi akisahau katika kombora moja haina maana amesahau katika yote. Kasoro ya mtetemo hailitimizi. Kama muundo ndio wenye ugonjwa, makombora manne ya CE-II yangekosa kwa sababu ileile moja, na kurusha la pili, la tatu na la nne kungekuwa kupoteza makombora tu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika kisa hiki, ingawa ndiyo iliyozungumzwa kidogo zaidi: kanuni ya kurusha ambayo zamu zilifundishwa kuitegemea kama kinga dhidi ya kombora bovu haikuwa kinga dhidi ya muundo mbovu.

Mwaka 2013 hali ilizidi kuwa ngumu kueleza. Februari Korea Kaskazini ilifanya jaribio la nyuklia, na tarehe 15 Machi Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alitangaza kwamba makombora 14 yataongezwa Fort Greely ili jumla ifike 44 kufikia mwisho wa 2017, kwa gharama ya karibu dola bilioni moja. Tarehe 5 Julai likafanywa jaribio jingine, safari hii kwa toleo la zamani, CE-I, ambalo lilikuwa na rekodi nzuri na ndilo lililokuwa tegemeo wakati CE-II ikitibiwa. Chombo hakikujitenga na roketi, kutokana na hitilafu ya umeme iliyohusishwa na betri. Kwa hiyo katikati ya mwaka 2013 jaribio la mwisho la kugonga la kila toleo lililokuwa mashimoni lilikuwa limeshindwa, huku nchi ikiwa imeshaamua kuongeza idadi. Tangu Desemba 2008 hakuna shabaha hata moja iliyokuwa imegongwa. Katika ripoti yake ya mwaka huo, ofisi ya majaribio ya Pentagon ilihoji uimara wa muundo wa chombo cha kugonga na kupendekeza ifikiriwe kukisanifu upya.

Jaribio lililosubiriwa, FTG-06b, lilifanyika tarehe 22 Juni 2014. Shabaha ilitoka tena Kwajalein, na manowari ya USS Hopper ikaifuatilia kwa rada yake pamoja na SBX. Kombora likaruka kutoka Vandenberg, chombo cha CE-II chenye kitako kipya kikajitenga, kikaichagua shabaha na kuigonga. Lilikuwa jaribio la 17 la kugonga tangu 1999, na la tisa kufaulu. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walikadiria kwamba gharama ya kuthibitisha CE-II, ambayo awali ilipangiwa dola milioni 236, ilikuwa imefika karibu dola bilioni 2, ikijumuisha majaribio yaliyorudiwa na kazi ya kurekebisha vyombo vilivyokuwa vimeshakabidhiwa. Fedha hizo hazikununua uwezo ambao haukuwa umeahidiwa tangu mwanzo.

Wapo wanaosema kwamba hata mafanikio ya 2014 yasitiwe chumvi, na wana sababu. Shabaha ilikuwa ya masafa ya kati na si kombora la kuvuka mabara, jaribio lilifanyika mchana, na lilitumia kombora moja dhidi ya shabaha moja. Upande wa pili una jibu: kila jaribio limebanwa na usalama wa meli na ndege, na huwezi kujaribu kila kitu kwa mpigo ukategemea kujua kilichoharibika. Nionavyo, pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana mpangilio wa hatua una uzito kuliko jaribio lolote moja. Kombora linalothibitishwa polepole halina ubaya, mradi halijapewa kazi kabla ya uthibitisho kukamilika.

Pentagon yenyewe ilionekana kulikubali somo hilo nusunusu. Ilianzisha mradi wa chombo kipya kabisa cha kugonga, RKV, lakini Agosti 2019 mradi huo ukafutwa baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni moja, kwa sababu ya matatizo ya usanifu. Safari hii angalau ulisimamishwa kabla chombo hakijaingizwa shimoni. Kazi ikahamia kwa kombora la kizazi kipya, ambalo mwaka 2024 lilikabidhiwa kampuni ya Lockheed Martin kulitengeneza.

Kwa mfumo uliopo, tarehe 30 Mei 2017 shabaha ya aina ya kombora la kuvuka mabara iligongwa kwa mara ya kwanza, na Novemba mwaka huo kombora la 44 likashushwa shimoni kama Hagel alivyoahidi. Ilibaki ile kanuni ya kurusha zaidi ya kombora moja. Zamu zilikuwa zikiifanyia mazoezi kwenye skrini tangu siku za mwanzo, lakini haikuwa imefanyiwa jaribio la kweli hata mara moja hadi tarehe 25 Machi 2019, makombora mawili yaliporushwa kutoka Vandenberg kwa kufuatana dhidi ya shabaha moja iliyotoka Kwajalein. La kwanza liliigonga shabaha. La pili lilifika, likatazama vipande vilivyobaki, halikuona kichwa kingine cha kivita, likachagua kipande kilichoonekana kuwa hatari zaidi na kukigonga. Ilikuwa miaka 14 na miezi minane tangu kombora la kwanza literemshwe shimoni Fort Greely.